Sababu za Kupotea kwa Lugha: Nadharia Zilizopo na Ushahidi wa Mbulu na Hanang

Mwaka 1992 jarida la Chama cha Isimu cha Marekani lilichapisha hoja mbili zilizopingana, na tangu hapo kila aandikaye juu ya lugha zilizo hatarini hana budi kuegemea upande mmojawapo. Michael Krauss alionya kwamba, mambo yakiendelea kama yalivyo, huenda lugha tisa katika kila kumi zisemwazo duniani zikafa, au zikawa zimekwisha kuhukumiwa kufa, kabla ya karne ya 21 kumalizika. Peter Ladefoged, bingwa wa elimu ya matamshi aliyezijua lugha nyingi za Afrika kwa kuzisikia vinywani mwa wenyewe, alimjibu kwamba si kazi ya mtaalamu kuwaamulia watu lugha ya kuwarithisha watoto wao. Akatoa mfano wa msemaji mmoja wa Kidahalo, lugha ya Kikushi isemwayo na watu wachache upande wa Lamu, pwani ya Kenya. Alimwuliza kama wanawe wanaisema lugha hiyo. Mtu yule akajibu kwamba bado wanaisikia ila hawaisemi; wao husema Kiswahili tu. Alikuwa akitabasamu, asema Ladefoged, wala hakuonyesha majuto, kwa maana alijivunia wanawe waliokwenda shule.

Tabasamu hilo limetajwa mara nyingi katika maandishi ya wataalamu. Nancy Dorian, aliyechunguza kupotea kwa Kigaeliki katika vijiji vya wavuvi huko Uskoti, alijibu mwaka 1993 kwamba furaha ya mzazi wa leo haizuii huzuni ya mjukuu wa kesho. Jibu hilo ni zuri, lakini halikugusa jambo lililo wazi zaidi kwa msomaji wa Afrika Mashariki. Mtu yule wa Lamu hakuwekewa mbele yake shule mbili, moja ya Kidahalo na moja ya Kiswahili, akachagua ya pili. Shule ilikuwa moja. Kusema kwamba alichagua ni kulitumia neno hilo vibaya, na kusema kwamba alilazimishwa ni kumdharau, kwani alijua vema alichokuwa akikipata. Hoja zote mbili za mwaka 1992 zina upungufu huu: zaizungumza lugha na msemaji wake kana kwamba hapana kitu kingine kati yao, yaani kazi, ardhi, mifugo, ndoa na jirani.

Mwanachuoni wa Kiafrika aliyejitahidi zaidi kuujaza upungufu huo ni Herman Batibo, Mtanzania aliyefundisha Dar es Salaam na baadaye Botswana. Makala yake ya mwaka 1992 juu ya hatima ya lugha za makabila nchini Tanzania, na kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya kudhoofika na kufa kwa lugha Afrika, vimekuwa msingi wa mafundisho katika vyuo vyetu. Jambo kubwa alilolithibitisha ni kwamba lugha ndogo za Afrika hazitishwi hasa na Kiingereza wala Kifaransa, bali na lugha nyingine za Kiafrika zenye nguvu kuliko zenyewe. Humo alifuata njia iliyofunguliwa na Abdulaziz Mkilifi mwaka 1972, alipoonyesha ngazi tatu za lugha Tanzania: Kiingereza juu, Kiswahili katikati, na lugha za nyumbani chini. Batibo aliongeza mwendo: lugha huanza kwa kusemwa peke yake, kisha wenyewe hujifunza lugha ya pili huku ya kwanza ikitawala, kisha ya pili hutawala, kisha ya kwanza hubaki kwa shughuli chache, na mwishowe hubaki mabaki yake tu ndani ya lugha mpya.

Ngazi hiyo inaeleweka kwa wepesi, na huenda ndiyo sababu imependwa mno. Lakini yafaa ipelekwe mahali ambapo lugha ni nyingi na historia yake inajulikana kidogo, ili ionekane kama itasimama. Tanzania hapana mahali pafaapo kwa jaribio hilo kuliko wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Kila mwanafunzi wa lugha amekwisha kusikia kwamba katika nyanda hizi za Bonde la Ufa hukutana jamii zote nne za lugha ambazo Joseph Greenberg aligawa Afrika kwazo mwaka 1963. Kiiraqw ni cha Kikushi. Kidatooga ni cha Kinailoti. Kiisanzu, Kinyaturu na Kinyiramba vya jirani ni vya Kibantu. Na Kihadza, chenye vidoko, kiliwekwa na Greenberg pamoja na lugha za Kusini mwa Afrika, ingawa siku hizi wachunguzi wengi huiona kuwa lugha isiyo na ndugu. Sifa hii imefanya nchi hii ipendwe na wageni wenye vinasa sauti, lakini wenyeji hawakuishi humo kama vielelezo vya jamii nne. Waliishi kama wakulima, wafugaji na wawindaji waliohitajiana na kugombana, na majina waliyopeana yaonyesha hivyo. Wadatooga waliitwa na majirani Wamang'ati, jina lenye asili ya Kimaasai lenye maana ya adui. Wahadza waliitwa Watindiga. Na Wairaqw hadi leo huitwa na wengi Wambulu. Si ajabu kumkuta mtu aliyeandikwa katika daftari la serikali kwa jina ambalo nyumbani kwao ni tusi.

Itazamwe kwanza idadi, kwa kuwa ndiyo kipimo kinachokimbiliwa. Lingalikuwa jambo la kutegemewa kwamba lugha yenye watu wachache ndiyo itakayotangulia kupotea. Wahadza kwa muda mrefu wamekadiriwa kuwa kiasi cha watu elfu moja tu, katika bonde la Yaeda na kandokando ya ziwa Eyasi. Tangu James Woodburn alipoanza kuishi nao mwaka 1958 hadi uchunguzi wa karne hii, watoto wao wengi wameendelea kujifunza Kihadza kwa mama zao. Kwa upande mwingine, Kikw'adza, lugha ya Kikushi ambayo orodha za lugha huiweka katika wilaya ya Mbulu, imekwisha. Kilichobaki ni maneno yaliyookotwa, mengi yao katika kitabu cha Christopher Ehret cha mwaka 1980 juu ya asili ya lugha za Kikushi cha Kusini. Kiasax, ndugu yake aliyesemwa na wawindaji walioishi kati ya Wamaasai, kilikwisha vilevile. Inasemekana msemaji wake wa mwisho alifariki mwaka 1976. Idadi peke yake haiwezi kueleza kwa nini hizi mbili zimekwisha na ya Wahadza ikabaki.

Tena idadi yenyewe ni ya kukisia. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho Tanzania kuuliza habari za kabila. Atlasi ya Lugha za Tanzania, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2009, ni kazi ya kuheshimiwa, lakini ililazimika kutumia makadirio. Msomaji aonaye idadi kamili hadi mtu wa mwisho akumbuke kwamba hapana aliyepita mlango kwa mlango akiuliza watoto wanasema nini wakiwa jikoni.

Sasa Kiiraqw. Mwishoni mwa karne ya 19 Wairaqw walikuwa wengi wao katika nchi yao ya vilima ya Irqwar Da'aw, upande wa Kainam. Karne ya 20 ikawaona wakishuka na kuenea: kaskazini hadi Karatu, magharibi na kusini hadi Dongobesh na Haydom na nyanda za Hanang. Serikali ya kikoloni ilifyeka vichaka vya mbung'o, jembe la kukokotwa likaingia, mahindi yakashika nafasi ya mtama. Kila walikofika walikuta Wadatooga, na mara nyingi hawakuwafukuza bali waliwaingiza. Koo kadhaa za Kiiraqw zakiri asili ya Kidatooga. Wadatooga wa Gisamjanga waishio Mbulu wengi husema Kiiraqw kama lugha ya pili, na wako ambao wajukuu zao hawana lugha nyingine ya nyumbani. Wasemaji wa Asimjeeg, lahaja ya Kidatooga ya kundi dogo la upande wa Yaeda ambayo Richard Griscom ameirekodi, wanabanwa kwa pamoja na lahaja kubwa za Kidatooga, na Kiiraqw, na Kiisanzu, na Kiswahili.

Hapa ngazi ya Batibo inayumba, kwani imejengwa kwa lugha mbili, ndogo na kubwa, na mtu apandaye au ashukaye katikati yao. Mtu wa Yaeda ana lugha tatu au nne, na si lazima ya pili iile ya kwanza. Mhadza aliyejifunza Kiisanzu kwa ajili ya kubadilishana asali na nafaka, na Kidatooga kwa ajili ya kuishi kwa amani na wenye ng'ombe, hakuwa katika hatua ya pili ya kufa kwa lugha yake. Alikuwa ameufunga mlango wake vizuri zaidi, kwa sababu jirani hakuhitaji kuingia ndani ili wasikilizane. Hali hiyo imedumu kwa vizazi. Ni haki kusema kwamba Batibo mwenyewe hakudai kuwa kujua lugha mbili kwatosha kuiua moja. Alitaka pia pawepo na mvuto wa hadhi. Lakini wanafunzi wake wamekishika kidato cha kwanza na kukisahau kingine, na siku hizi ni kawaida kusoma tasnifu inayohesabu wazee wajuao Kiswahili kijijini kisha ikatangaza kwamba lugha yao iko mahututi.

Swali la kufaa zaidi ni hili: lugha ya jirani huingia nyumbani lini? Habari za Mbulu na Hanang zaelekea kujibu kwamba huingia pale ambapo kazi iliyokuwa ikifanywa kwa lugha ya zamani imekoma, na kazi mpya imefunzwa na watu wa lugha nyingine. Mdatooga aliyepungukiwa na ng'ombe akashika jembe alijifunza kulima kwa Mwiraqw, akaoa kwake, akaenda kwenye vikao vyake. Maneno ya msimu, ya udongo, ya magugu na ya ghala aliyapata kwa lugha moja tu. Waasax nao, kama alivyoeleza Winter mwaka 1979, walipotoka katika uwindaji na kuingia katika ufugaji waliingia pia katika Kimaasai, na mwanzo wa mageuzi hayo wahusiana na tauni ya ng'ombe ya miaka ya 1890 iliyovuruga maisha ya wafugaji na wawindaji pamoja. Hapakuwa na shule, wala redio, wala serikali iliyokuwa na sera ya lugha.

Msomaji aweza kufikiri kwamba basi ardhi ndiyo kila kitu, lakini Hanang yenyewe yakataza kusema hivyo kwa haraka. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula lilifungua mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, na Wabarabaig, walio Wadatooga wa Hanang, wakapoteza ekari zipatazo laki moja za malisho yao bora. Kijiji cha Mulbadaw kilifungua kesi mwaka 1981. Mahakama Kuu ikawapa wanakijiji ushindi. Mahakama ya Rufani ikautengua mwaka 1985. Charles Lane ameyaeleza mambo haya kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1996. Kama kunyang'anywa ardhi kungetosha kuua lugha, Kibarabaig kingekuwa sasa kinaelekea kwisha. Lakini wengi walihama na mifugo yao, wakatawanyika hadi Singida, Morogoro, Usangu na hata kusini kabisa ya nchi, na kila boma lilikwenda na lugha yake, kwa kuwa ng'ombe waliendelea kuitwa, kukamuliwa na kugawanywa mahari kwa maneno yaleyale. Waliobaki bila ng'ombe wa kutosha, katikati ya wakulima, ndio walioanza kuiacha. Kwa hiyo mwizi wa lugha si mwenye kuchukua nchi moja kwa moja. Ardhi ni sharti la kazi, na ni kazi iliyoishikilia lugha.

Lugha pia haipotei nzima kwa siku moja. Alice Mitchell, katika tasnifu yake ya mwaka 2015, ameeleza desturi ya wanawake wa Kidatooga walioolewa: mke hatamki jina la baba mkwe wake wala majina ya wakwe wengine wa kuheshimiwa, na hata maneno ya kawaida yafananayo kwa sauti na majina hayo huyaacha, akatumia mengine badala yake. Kuna hazina kubwa ya maneno hayo ya badala, ijulikanayo na wanawake wote, hata mke mgeni hufundishwa na wenzake. Mswahili aliyekulia kwa watu wazima wenye kuficha majina ya wakwe ataielewa adabu hiyo upesi, ijapokuwa hakuijua kwa upana huo. Sasa adabu ya namna hii yataka nini ili iishi? Yataka mke aishi karibu na wakwe zake, asikiwe nao kila siku, na majina yao yawe ni ya Kidatooga yenye mzizi katika maneno ya kawaida. Mwana akibatizwa Yohana au akaitwa Juma, na mkewe akapanga chumba Katesh mjini, hapana la kukwepa. Lugha itaendelea kusemwa na mtu huyo, na mhesabu wa wasemaji atamwandika kuwa msemaji kamili, hali sehemu yake nzima imekwisha kufungwa. Kadhalika slufay ya Wairaqw, ile dua ndefu ya baraka isemwayo na mzee mmoja na kuitikiwa na kikao, haiwezi kuhifadhiwa na mtu mmoja mwenye kumbukumbu nzuri. Yahitaji waitikiaji.

Kuhusu hili nadharia za jumla zina kasoro moja ya neno. Zasema lugha “hufa”, na Krauss aliilinganisha waziwazi na wanyama na ndege walio hatarini. Salikoko Mufwene, Mkongo afundishaye Chicago, amepinga kwa haki kwamba lugha haina uhai nje ya watu waitumiao, na kwamba mabadiliko ya uchumi wao ndiyo ya kutazamwa kwanza. Kiswahili cha kila siku kilikuwa kimekwisha kutambua hilo: mtu husemwa kwamba ameisahau lugha ya kwao, na kitenzi hicho chamtaja mtu na chamtaja kwa lawama kidogo. Ila Mufwene naye aliandika kana kwamba uchumi ni hali ya hewa, usioamuliwa na mtu. Mashamba ya Basotu yaliamuliwa. Mpango wa kuwakusanya Wahadza katika makazi ya Yaeda Chini mwaka 1964 uliamuliwa pia, na wengi wao walipoondoka kurudi porini, lugha yao iliondoka nao ikiwa salama.

Yabaki Kiswahili, na katika kurasa kama hizi hapafai kukwepwa. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya shule zote za msingi za serikali, na faida yake kwa umoja wa nchi inaonekana kwa kila aliyetazama majirani. Lakini faida hiyo ilinunuliwa pia kwa bei, na bei ililipwa Yaeda kuliko ilivyolipwa Tanga. Mtoto wa Tanga aliyetoka Kibondei kwenda Kiswahili alivuka kijito. Mtoto wa Mbulu aliyeyaita maji ma'ay na ng'ombe slee alivuka ziwa. Masharti ya utangazaji yamezipa redio Kiswahili na Kiingereza, hali Kenya na Uganda zina stesheni nyingi za lugha za makabila, na hapana ushahidi kwamba stesheni ya Kiiraqw ingeleta ukabila zaidi ya ulioletwa na kura na mashamba. Zaidi ya hayo ni fimbo ya shuleni juu ya mtoto aliyenaswa akisema lugha ya mama yake, jambo ambalo watu wengi waliosoma vijijini walilishuhudia. Hata hivyo ni kosa kusema, kama wasemavyo baadhi ya wageni, kwamba Kiswahili ndicho muuaji wa lugha za Mbulu. Kikw'adza hakikungoja shule. Kidatooga cha Mbulu kilianza kumezwa na Kiiraqw, na Kiiraqw chenyewe, chenye wasemaji mamia ya maelfu, bado chasikika sokoni, kanisani na shambani. Kiswahili kimekuja juu ya mwendo uliokuwapo, kikauharakisha, na zaidi ya yote kimewapa watoto wa makabila mbalimbali lugha ya kuchumbiana. Labda ni katika ndoa hizo, kuliko darasani, ndimo kitakapoingia nyumbani.

Batibo aliitaka serikali izitunze lugha ndogo, na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 ilikwisha kusema kwamba watu waendelee kuzitumia lugha zao za asili na kujivunia, na kwamba ziandikiwe kamusi na sarufi. Yatazamwe yaliyofanyika kwa Kiiraqw, ambacho ndicho chenye bahati kuliko vyote vya eneo hili. W. H. Whiteley, mtu yuleyule aliyekiandikia Kiswahili historia yake mwaka 1969, alitoa maelezo ya Kiiraqw mwaka 1953 na 1958, akitia humo na mambo ya Kigorowa, Kialagwa na Kiburunge. Maarten Mous alitoa sarufi kamili mwaka 1993. Mwaka 2002 Mous, Martha Qorro na Roland Kießling walitoa kamusi, kazi ya uangalifu mkubwa na yenye utajiri ambao lugha nyingi za Kibantu zenye wasemaji mamilioni hazijaupata. Kamusi hiyo ilichapwa Köln, nayo huyaeleza maneno ya Kiiraqw kwa Kiingereza. Mwalimu wa Dongobesh aliyesoma kwa Kiswahili, anayefundisha kwa Kiswahili watoto wanaoota kwa Kiiraqw, akitaka kujua neno moja la shambani husemwaje kwa lugha ya pili, hana budi apitie lugha ya tatu. Kamusi ya Kiiraqw na Kiswahili kwa ukubwa huo ingefaa pande zote mbili, na Kidatooga na Kihadza zaingoja foleni hiyohiyo.